Uchawi Nao Hulipa Ushuru: Mwongozo Kamili wa Kumaliza Hadithi Yako ya Kwanza ya Ajabu

Miswada ninayoletewa hufia mahali pamoja. Kurasa kumi za mwanzo ni ufalme: wafalme saba na majina ya baba zao, vita vya kale, majini wa tabaka tatu, ramani iliyopakwa rangi kwa uangalifu. Ukurasa wa kumi na moja anatokea kijana mwenye upanga. Ukurasa wa kumi na nne kijana ameketi chini ya mti, na mzee anamsimulia historia ya ufalme ule ule tuliokwisha kuusoma. Ukurasa wa kumi na tano ni mweupe, na zote zinazofuata ni nyeupe mpaka jalada la nyuma.

Sicheki. Mimi nilikwama hapo miaka minne. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa 312 na hakuna aliyewahi kuumaliza, mwenyewe nikiwemo. Jirani yangu muuza mayai aliusoma jioni mbili, akaurudisha pamoja na trei yangu tupu, akaniuliza: "Kaka, humu ndani nani ana njaa?"

Sikuwa na jibu. Wafalme wangu wote walikuwa wameshiba.

Mwongozo huu ni wa kumaliza hadithi fupi moja, maneno 4,000 hadi 5,000, kwa muda wa wiki sita au saba. Si riwaya. Riwaya itakuja baadaye, ukishajua mwisho wa hadithi unavyoonekana kwa karibu. Mchana mimi hujaza fomu za forodha hapa Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, kwa hiyo utanivumilia nikitumia lugha ya mpakani.

## Vifaa, kabla ya yote

- Kaunta buku moja ya kwaya mbili, yenye kurasa 192. Hutazijaza zote, lakini daftari jembamba humfanya mtu aandike kwa ubahili.
- Kalamu mbili za bluu au nyeusi, na moja nyekundu. Nyekundu ifiche mpaka hatua ya 6.
- Simu yenye kinasa sauti.
- Taa ya sola au tochi. Umeme hukatika siku ile ile unapopata sentensi nzuri.
- Kamusi ya Kiswahili Sanifu, hata ya kuazima. Nayo isubiri.
- Saa moja kwa siku ambayo hakuna anayekuita.
- Msikilizaji mmoja asiyekuogopa. Mama mkwe hafai.

Kompyuta si lazima. Ramani si lazima. Ukiwa umeshachora ramani, ikunje uiweke mwishoni mwa daftari na usiifungue hadi rasimu iishe. Najua inauma.

Kwa nini mkono na si simu? Kwa sababu kwenye simu utafuta. Mwandishi anayeanza hufuta sentensi ya kwanza mara ishirini, jioni anabaki na sentensi moja iliyopigwa pasi. Kwenye karatasi, ukikosea unapiga mstari unasonga. Tena kurasa zinahesabika kwa macho: mwandiko wa kawaida unaingiza maneno kama 250 kwa ukurasa, kwa hiyo kurasa ishirini ni hadithi nzima.

## Hatua ya 1: Tafuta njaa (siku ya 1 hadi ya 3)

Andika sentensi moja yenye umbo hili: *Fulani anataka kitu hiki kabla ya siku hii, na asipokipata atapoteza kile.*

Nitatumia hadithi moja ya mfano mpaka mwisho wa mwongozo. Nekesa, miaka kumi na tisa, mpima nafaka sokoni, anataka kujua ni nani kati ya baba zake wadogo watatu aliyeuza kwa siri kiwanja cha marehemu baba yake. Ana siku tatu kabla mnunuzi hajaanza kuchimba msingi. Asipojua, mama yake na mdogo wake watalala nje.

Hakuna jini hapo, hakuna upanga. Ndivyo inavyotakiwa. Kama sentensi yako haisimami bila uchawi, uchawi hautaisimamisha.

"Anataka kuokoa dunia" si njaa. Dunia ni kubwa mno, hakuna anayeamka asubuhi akiihisi tumboni. Kiwanja cha futi hamsini kwa mia kila Mganda, Msamia na Mteso anakihisi, maana kila mmoja ana shangazi aliyenyang'anywa.

Andika sentensi kumi za namna hiyo, hata za kipuuzi, kisha jaribu tatu bora kwa watu. Zisimulie kwenye foleni ya teksi, au kwa muuza chapati wakati anapiga mayai ya roleksi. Utajua umepata ukiona mtu anageuza shingo na kuuliza, "Sasa akampata?" Akikuambia "ni nzuri, endelea tu," rudi ukachimbe tena. Hayo ni maneno ya heshima.

## Hatua ya 2: Ajabu moja, na ushuru wake (siku ya 4 hadi ya 8)

Hapa tutakaa, maana hapa ndipo wengi huanguka bila kujua wameanguka.

Chagua ajabu moja tu. Iwe nyepesi kiasi kwamba mtoto wa darasa la tatu anaweza kumweleza mwenzake wakiwa njiani kwenda shule. Ya Nekesa ni hii: mizani ya bibi yake hupima uongo. Mwenye gunia akiwa anaficha jambo, gunia lake huzidi uzito. Basi.

Sasa ushuru. Kazi yangu imenifundisha kwamba hakuna kitu kinachovuka mpaka bure. Hata kile kinachopita njia za panya usiku kimelipiwa: kwa hongo, kwa hofu, kwa baiskeli iliyoachwa mtoni. (Neno bodaboda lenyewe lina asili yake kwenye mipaka hii ya kwetu, Busia na Malaba, kwa waendesha baiskeli waliobeba watu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hata lugha hapa imepitia forodhani.) Uchawi ni vivyo hivyo. Kila unapotumika, mtu fulani analipa kitu fulani, na msomaji anakiona kikilipwa.

Angalia wazee walivyofanya. Katika kisa cha Kiganda cha Kintu na mkewe Nambi, Ggulu, baba yake Nambi huko mbinguni, anawaambia waondoke upesi wala wasirudi nyuma, Walumbe asije akawafuata. Njiani wanakumbuka kwamba wamesahau ulezi wa kuku. Ulezi unarudiwa, na Walumbe, ambaye ndiye kifo, anashuka nao duniani.

Hesabu vilivyomo. Kanuni moja: msirudi. Kosa moja dogo la jikoni: chakula cha kuku. Na bei ambayo kila mmoja wetu bado anailipa. Hakuna aliyetuchorea ramani ya nyumbani kwa Ggulu, hatujui ina milango mingapi. Lakini mashimo ya Ttanda, upande wa Mityana, ambako yasemekana Walumbe alijificha akikimbizwa na nduguye Kayikuuzi, watu wanakwenda kuyaangalia hadi leo.

Fungua ukurasa mpya ujibu maswali matano. Usiruke hata moja.

1. Ajabu inafanya nini? *Inaonyesha uongo.*
2. Nani analipa? *Mwenye mizani.*
3. Analipa nini? *Kila kipimo kinang'oa jina la mtu mmoja kichwani mwake, na uso wake pia.*
4. Lini? *Kabla jua halijazama siku hiyo.*
5. Anaweza kukwepa au kuchagua? *Hapana. Hachagui jina gani litakwenda.*

Jibu la tano ndilo lililobeba hadithi yote. Nilipoandika "hachagui" nilisimama nikaenda kunywa maji. Hapo nilijua mwisho.

Kuna ushuru wa bandia, ujihadhari nao. "Alitumia nguvu zake, akachoka, akalala, asubuhi akaamka mzima." Hiyo ni risiti ya kughushi. Ushuru wa kweli haurudishwi. Tena ufanane na njaa: Nekesa anapigania watu wake, kwa hiyo anachotozwa ni watu wake. Angetozwa nywele au jino, hadithi ingelegea.

Onyo la kwanza. Usimlipishe mtoto wa mwenzio kisha hadithi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Tunaishi katika nchi ambayo mwaka 2021 ilibidi Bunge lipitishe sheria mahususi ya kukomesha kafara ya binadamu. Ukiandika hadithi ambamo damu ya mtoto inamletea mtu utajiri, na utajiri unakaa, umeandika tangazo la biashara la waganga wale. Sisemi usiguse jambo hilo. Ukiligusa, hadithi nzima iwe inalia juu ya mtoto yule, si juu ya gari jipya la tajiri.

Onyo la pili. Mti wa Nakayima pale kilimani Mubende si pambo la hadithi, watu bado wanapanda kwenda kuomba. Misambwa, yaani mizimu ya mahali, ina wenyewe. Miiko ya koo ina wenyewe. Ukitaka kutumia jina la lubaale (mungu wa jadi wa Waganda) au la ukoo halisi, nenda ukaulize wazee kwanza, na ukubali kuambiwa hapana. Njia rahisi ni kutunga ya kwako. Mizani ya Nekesa haina ukoo wa kuukasirisha.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kusema ajabu na ushuru kwa pumzi moja: "Mizani inapima uongo, lakini kila ikipima, mwenye nayo anamsahau mtu mmoja." Ukihitaji kuvuta pumzi ya pili, bado una ajabu mbili.

## Hatua ya 3: Nenda ukasimame pale (siku moja, ya 9)

Hadithi za ajabu huaminika kwa sababu ya vitu visivyo vya ajabu. Chagua mahali unapopajua kwa miguu, uende na daftari, ukae saa mbili.

Usiandike "soko lilikuwa na shughuli nyingi." Andika vitu kumi ambavyo mtu asiyefika pale hawezi kuvibuni. Mimi nilikaa kwenye stoo ya mahindi nikapata hivi: vumbi la nafaka linakaa kwenye kope za wapakiaji, wakipepesa macho wanaonekana wazee, mpimaji anagusa gunia kwa goti kabla ya kulisoma, kulituliza, wanawake wanaofagia punje zilizomwagika wana mipaka yao chini, haionekani, na ole wake anayeivuka, mizani ikikaa bila mzigo huwa haitulii kwenye sifuri.

Hiyo ya mwisho niliiiba nzima nikaitia kwenye hadithi.

Kama ajabu yako ni ya ziwani, nenda Majanji usiku usio na mwezi, wavuvi wa mukene, dagaa wetu, wanapowasha taa. Ukiwa Kampala, kaa pembeni ya Barabara ya Nasser usikilize mashine za kuchapa. Usiandike Ulaya yenye theluji kama hujawahi kuona theluji nje ya filamu. Kama huwezi kukosa theluji, Rwenzori inayo.

## Hatua ya 4: Mifupa sita (siku ya 10 hadi ya 12)

Kabla ya kuandika hadithi, iandike kwa sentensi sita. Kati ya sentensi na sentensi ruhusu viungo viwili tu: kwa hiyo na lakini. Neno halafu ni marufuku. "Halafu" ni ugonjwa wa miswada iliyokufa: akafika kijijini, halafu akakutana na jini, halafu akaenda mlimani. Kila tukio ni gari limeegeshwa, hakuna linalolisukuma jingine.

Jifunze kwa mabingwa. Kisa cha mkuki na ushanga kinasimuliwa na Waacholi na Waaluri, na wasimulizi hutofautiana ni ndugu yupi alifanya nini, lakini mifupa haibadiliki:

Gipir anamrushia tembo mkuki wa nduguye Labongo, tembo anatokomea nao. Labongo anakataa mkuki mwingine wowote, *kwa hiyo* Gipir anaingia porini kuufuata. *Lakini* huko bibi kizee anampa mkuki pamoja na shanga, na nyumbani mtoto wa Labongo anameza ushanga mmoja. Gipir naye anakataa ushanga mwingine wowote, *kwa hiyo* mtoto anapasuliwa tumbo. *Kwa hiyo* ndugu hawawezi tena kukaa pamoja. Wanazika shoka ukingoni mwa Nile, karibu na Pakwach, na mmoja anavuka mto.

Hakuna jini hata mmoja, hakuna mlinganyo wa nguvu za giza na nuru. Kuna ukaidi mmoja unaozaa mwingine wa sura ile ile. Na mtoto yule hasahauliki, ndiye anayegawanya watu.

Ya Nekesa ilikuwa hivi:

1. Kiwanja kimeuzwa, baba wadogo watatu wote wanakana.
2. Kwa hiyo Nekesa anafungua kasha la mizani aliyokatazwa na bibi.
3. Gunia la wa kwanza halizidi, ni msafi, lakini jioni msichana anamkumbatia Nekesa njiani na Nekesa hamjui ni nani.
4. Kwa hiyo sasa bei anaijua, lakini imebaki siku moja na nusu, anampima wa pili.
5. Naye ni msafi, kwa hiyo anampima wa tatu, na gunia linakata mnyororo.
6. Lakini jioni mvulana anaingia mlangoni akimwita dada, naye anamjibu: "Karibu mteja. Unauza au unanunua?"

Kama sentensi ya sita haikuumizi hata kidogo, rudi hatua ya 2. Tatizo haliko mwisho, liko kwenye ushuru.

## Hatua ya 5: Rasimu, ukurasa kwa siku (siku ya 13 hadi ya 32)

Siku ishirini, kurasa ishirini. Mimi huandika saa kumi na nusu alfajiri, kabla malori hayajaanza kupiga honi. Wewe chagua saa yako, ila iwe ile ile kila siku. Mwili huzoea, ukifika wiki ya pili sentensi zinakuja zenyewe kama ng'ombe wanaojua njia ya kisimani.

Kanuni ni chache:

Usirudi kusoma cha jana, isipokuwa sentensi ya mwisho. Fanya kama ulivyoambiwa na Ggulu.

Simama katikati ya sentensi. Ukimaliza ukurasa kwenye nukta, kesho utaanza na ukuta. Ukiuachia "Nekesa alishika mnyororo na" una mahali pa kushika.

Neno la Kiswahili likikukwepa, andika la nyumbani, la Kiganda, la Kisamia, la Kinubi, ulipigie mstari, uende mbele. Kutafuta neno moja kwenye kamusi hugeuka kuwa nusu saa, na nusu saa hugeuka kuwa chai.

Anza pale njaa inapouma. Huu hapa mwanzo wangu wa kwanza kabisa, nauonyesha kwa aibu:

*Hapo zamani za kale, miaka elfu tatu iliyopita, majini wa moto walifua mizani saba kwa ajili ya wafalme saba wa nchi saba...*

Na huu ndio uliobaki:

*Gunia la Baba Mdogo Ouma lilikuwa la debe sita. Nekesa alilijaza mwenyewe asubuhi, debe kwa debe. Sasa lilining'inia kwenye ndoano, na mnyororo ulikuwa unalia.*

Majini wa moto wamekwenda wapi? Sijui, na tangu hapo hakuna msomaji aliyewaulizia. Ni kweli kwamba msimulizi wa Kiganda huanza na "Awo olwatuuka," na wa pwani na "Paukwa!" Lakini wale wana wasikilizaji waliokwisha kukaa wamekunja miguu. Wewe msomaji wako amesimama, mkono mmoja kwenye bomba la teksi.

Utakwama kati ya ukurasa wa nane na wa kumi na moja. Nakuambia mapema usije ukadhani umelogwa. Hapo ndipo hamu ya mwanzo imeisha na mwisho bado hauonekani, na ndipo utakaposikia sauti ikikuambia una wazo jingine bora zaidi. Liandike wazo hilo mstari mmoja nyuma ya daftari, lifunge. Kisha fanya jambo moja: mtoze mhusika wako ushuru mapema kuliko ulivyopanga. Nilipokwama ukurasa wa tisa, nilimfanya Nekesa asahau jina la bibi yake mwenyewe, mwenye mizani. Ghafla akawa anatumia kitu asichojua kilitoka kwa nani. Kurasa nne zikaja kwa wiki moja.

Rasimu iliyofaulu ni mbaya. Ina mwisho, lakini ni mbaya. Ikiwa nzuri sana ukurasa wa tano, umeanza kupiga pasi, nawe huna nguo bado.

## Hatua ya 6: Iache, kisha isikilize (siku ya 33 hadi ya 40)

Funga daftari siku tano. Kweli tano.

Siku ya sita, jifungie ndani, washa kinasa sauti, usome hadithi yote kwa sauti. Kurasa ishirini huchukua kama dakika arubaini. Kisha sikiliza ukiwa unafanya kazi ya mikono: kumenya matooke, kufua, kupiga deki. Mikono ikiwa na kazi, sikio husema kweli. Sasa toa kalamu nyekundu.

Pale ulipotamani kupeleka mbele, kata. Pale ulipoishiwa pumzi katikati ya sentensi, ipasue mbili. Pale mtu wa hadithi alipoanza kueleza kanuni za uchawi kwa mwenzake ambaye angepaswa kuzijua tayari, kata bila huruma. Mimi kutoka kurasa ishirini na mbili nilibaki na kumi na saba.

Halafu (hapa neno linaruhusiwa) msomee yule msikilizaji wako. Usimuulize "umeionaje?" Muulize matatu: ulichoka wapi, nani ulimwogopea, na ulidhani itaishaje. Asipomwogopea mtu yeyote, una ufalme, huna hadithi. Na usimbishie. Jirani yangu wa mayai aliniambia baba mdogo wa pili hana kazi yoyote humo. Nilikasirika siku mbili, nikampa baba mdogo wa pili deni analolificha. Si yeye aliyeuza kiwanja, lakini deni ni jambo lililofichwa, kwa hiyo gunia lake nalo likazidi kidogo, na Nekesa karibu amhukumu asiye na hatia. Mfupa wa tano ulibadilika wote. Ndilo jambo bora kuliko yote katika hadithi ile, na si wazo langu.

## Hatua ya 7: Safisha Kiswahili (siku ya 41 hadi ya 45)

Sasa kamusi. Sisi wa Uganda tuna makosa yetu tunayojulikana nayo, na mhariri wa Dar es Salaam au Nairobi huyaona mstari wa kwanza. Pitia mara nne, kila mara ukiwinda kosa la aina moja tu. Ukiwinda yote pamoja utayakosa yote.

Mara ya kwanza, winda -enye iliyokaa mahali pa kirejeshi. "Mtu mwenye alikuja jana" iwe "mtu aliyekuja jana." "Nyumba yenye inavuja" iwe "nyumba inayovuja."

Mara ya pili, ngeli. "Kitabu yangu," "viti mingi," "maneno yake ilimchoma." Soma kila nomino pamoja na kivumishi na kitenzi chake, kwa kidole.

Mara ya tatu, niko na. "Niko na njaa" iwe "nina njaa," "alikuwako na deni" iwe "alikuwa na deni."

Mara ya nne ni ya waliokulia kwenye Kiganda. Kiganda hugeuza *l* kuwa *r* baada ya *i* na *e*, kwa hiyo mkono huandika "kirima" na "hera" bila wewe kujua. Ni "kilima," ni "hela."

Lakini usiguse mazungumzo ya wahusika! Mpakiaji wa Busia akisema "mimi niko na shida, mkubwa," mwache nayo. Akianza kuongea kama taarifa ya habari, umemuua. Usanifu ni wa msimulizi. Na yale maneno ya nyumbani uliyoyapigia mstari, tafsiri mengi, bakiza mawili matatu ambayo Kiswahili hakina au hakina kwa ladha hiyo. *Mukene* ibaki mukene.

## Hatua ya 8: Nakili, hifadhi, peleka

Chapa kwenye simu au nenda kwa wachapaji wa mtaani, lakini kaa pale pale wakati wanachapa. Mchapaji mmoja aliwahi kunisahihishia "mizani" kuwa "mizania" hadithi nzima, kwa nia njema. Jitumie nakala kwa barua pepe na kwa WhatsApp siku hiyo hiyo. Flashi peke yake si hifadhi.

Hakimiliki usiihangaikie sana. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 kazi inalindwa tangu inapoandikwa. Usajili unafanyika URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ukitaka ushahidi wa ziada. Hadithi moja haihitaji ISBN, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Ukifika kitabu, ulizia Maktaba ya Taifa ya Uganda.

Pa kupeleka: anza na watu wanaosomeana. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichozinduliwa Kampala mwaka 1996, kina utamaduni huo, ingawa kazi nyingi pale ni za Kiingereza na utahitaji ujasiri wa kuwa wewe wa Kiswahili. Ukishakuwa na mswada mrefu, kuna Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili. Soma masharti yao ya mwaka husika mstari kwa mstari kabla ya kutuma. Mtu akikudai pesa ili "akuchapishie hadithi kwenye mkusanyiko wa kimataifa," mwambie atume anwani ya ofisi, kisha usiende.

Majibu huchelewa. Mchapishaji mmoja alikaa na mswada wangu miaka miwili, aliponijibu alikuwa amekosea jina langu na jina la hadithi. Weka tarehe ya kutuma ndani ya jalada la daftari, ukifika mwezi wa nne bila neno uliza kwa adabu mara moja, kisha peleka kwingine.

Daftari lenyewe usilitupe na usiliweke sakafuni. Tia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya kabati. Lile langu la kurasa 312 niliacha chini ya kitanda msimu mmoja wa mvua, mchwa wakaingia kwa nyuma. Walikula majini wote wa tabaka tatu na wafalme sita na nusu. Ukurasa pekee waliouacha mzima ni ule niliokuwa nimeandika, pembeni, kwa penseli: *nani ana njaa?*